Programu za bure zinavyoingiza majasusi ndani ya simu na kompyuta

Na Mwandishi Wetu, Singida

KATIKA vibanda vya mafundi simu vilivyo jirani na stendi ya mabasi ya Misuna mjini Singida, kama ilivyo katika stendi nyingi za nchi hii, ipo huduma isiyotangazwa kwa bango kubwa lakini yenye wateja wa kila siku. Mteja huacha simu yake, fundi huiunganisha kwa waya na kompyuta, na baada ya dakika chache mteja huikuta imejazwa nyimbo, filamu na programu alizoziomba, pamoja na nyingine ambazo hakuziomba.

Anacholipia mteja huyo ni kazi ya fundi tu. Programu zenyewe huambiwa ni za bure. Ipo ya kupakua video, ipo ya kurushiana mafaili bila bando, na ipo ile WhatsApp isiyo rasmi inayomwezesha mtu kusoma ujumbe uliokwisha kufutwa na aliyeutuma.

Malalamiko huanza baadaye. Bando la wiki humalizika siku ya pili. Simu hupata moto ikiwa mfukoni bila kuguswa, tangazo la mchezo wa kubahatisha huchomoza mtu akiwa katikati ya kuandika ujumbe, na vocha iliyowekwa jioni huwa haipo asubuhi. Wengi huilaumu kampuni ya simu, wengine huilaumu betri. Ni wachache wanaoikumbuka ile programu ya bure iliyoingia wiki iliyopita.

Wataalamu wa usalama wa kompyuta wanaufahamu ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Programu ya bure huja na wageni wengine wasiotajwa, ambao baadhi yao kazi yao ni kuonyesha matangazo na wengine kazi yao ni kupeleleza: tovuti gani mwenye kifaa anazitembelea, yuko wapi, anawasiliana na nani, na wakati mwingine maneno yake ya siri. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hufika na ukoo mzima, akawalaza chini ya kitanda na asiseme.

Kinachowatofautisha wageni hawa na virusi vya kawaida ni mlango wanaoupitia. Kirusi huvunja dirisha. Programu hizi hupita mlango wa mbele, kwa sababu mwenye nyumba alibonyeza kitufe kilichoandikwa neno moja tu, nalo ni "Kubali". Ubishi wote kuhusu jambo hili, tangu Marekani hadi Singida, umezunguka kitufe hicho.

Wasomaji waliokuwa wakienda kwenye intaneti kafe katikati ya miaka ya 2000 watakumbuka hali ilivyokuwa. Mwandishi wa makala haya, akiwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo, alilipia saa moja ya intaneti mjini hapa na kutumia karibu nusu yake akifunga madirisha ya matangazo yaliyokuwa yakifunguka yenyewe, moja baada ya jingine. Mawasiliano wakati huo yalitegemea setilaiti kwa kuwa mkonge wa kwanza wa baharini wa kampuni ya SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, hivyo kila tangazo lililochomoza lilikuwa linakula dakika ambazo zimekwisha kulipiwa. Hakuna mteja aliyejua matangazo yale yalitoka wapi. Yalidhaniwa kuwa ndiyo intaneti yenyewe.

Yalitoka ndani ya kompyuta. Mtu aliyetangulia alikuwa amepakua programu ya kugawana nyimbo, au ya kupamba kioo kwa picha za samaki wanaoogelea, akaondoka na kuwaachia mzigo wengine.

Mfano mashuhuri wa enzi hizo ni Kazaa, programu ya kubadilishana muziki iliyoanza mwaka 2001 na kupakuliwa na mamilioni ya watu duniani. Aprili 2002 ilibainika kwamba ndani yake mlikuwa na programu nyingine ya kampuni ya Marekani ya Brilliant Digital Entertainment, iliyokusudiwa kuziunganisha kompyuta za watumiaji ziwe mtandao wa pili wa kibiashara. Masharti yaliyoambatana na programu hiyo yalimpa mwenye kampuni haki ya kutumia nguvu ya kompyuta na nafasi ya kuhifadhia ambayo mwenye nayo alikuwa haitumii. Yaliandikwa waziwazi, na kila aliyeiweka Kazaa alikuwa ameyakubali. Lakini nani aliyasoma?

Swali hilo lilipata jibu mwaka 2005. Kampuni nyingine ya Marekani, PC Pitstop, iliweka ndani ya masharti ya programu yake sentensi inayoahidi zawadi kwa yeyote atakayeisoma na kuwaandikia. Ilipita miezi minne na programu ikapakuliwa zaidi ya mara 3,000 kabla mtu mmoja hajaandika barua pepe kuuliza. Alilipwa dola 1,000.

Serikali ya Marekani nayo ilianza kuchukua hatua. Novemba 2006 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na kampuni ya Zango, ambayo ilitakiwa kulipa dola milioni 3 baada ya kudaiwa kuwa programu zake za matangazo ziliingizwa kwa hila katika kompyuta za watu zaidi ya mara milioni 70 na kuonyesha matangazo yanayochomoza bilioni 6.9. Zango ilifunga milango mwaka 2009. Msimamo wa tume ulikuwa kwamba ridhaa iliyozikwa chini ya kurasa za masharti si ridhaa.

Ungetarajia mambo yaishie hapo, lakini biashara yenyewe haikufa. Ilihama kutoka vichochoroni ikaingia maduka makubwa.

Desemba 2011 Gordon Lyon, mtunzi wa programu ya Nmap inayotumiwa na wataalamu wa mitandao, alilalamika hadharani kuwa tovuti kubwa ya Download.com ya kampuni ya CNET ilikuwa ikiifunga programu yake ndani ya kifurushi chenye vitu vya matangazo na kukigawa kwa jina lake. Mei 2015 yakatokea kama hayo kwa programu ya kuhariri picha ya GIMP kwenye tovuti ya SourceForge. Tovuti hiyo ilipopata wamiliki wapya mwaka 2016 utaratibu wa vifurushi ulisitishwa. Hata Java, programu iliyokuwa ikihitajika katika kompyuta za ofisi nyingi, kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2015 ilikuwa ikija na kisanduku kidogo kilichokwisha kuwekewa alama ya vema. Asiyeiondoa alijikuta kivinjari chake kimeongezewa mstari wa kutafutia wa kampuni ya Ask. Makarani wengi watakuwa wanaukumbuka mstari huo, na walivyoshindwa kuufuta.

Kuna kisa kimoja kinachostahili kuelezwa kwa utulivu, maana kinawahusu hata wale wanaojiona waangalifu. Ni cha Avast, programu ya kuzuia virusi ambayo toleo lake la bure limetumika kwa miaka mingi duniani. Januari 2020 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wa Avast zilikuwa zikikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitangaza kuwa Avast italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Kwa maelezo ya tume, Jumpshot ilikuwa imewauzia wanunuzi zaidi ya 100. Mlinzi aliyewekwa langoni bila mshahara alikuwa akijilipa kwa kusimulia nje habari za nyumbani.

Hapa Singida, hata hivyo, kompyuta si chombo cha walio wengi. Chombo cha walio wengi ni simu, na huko ndiko biashara hii ilikohamia kwa kishindo.

Video za YouTube ni kivutio kikubwa, na kwa kuwa bando ni ghali watu hupenda kuzipakua mara moja na kuzitazama baadaye, au kumwomba fundi awarushie. Programu mbili zilizojulikana sana kwa kazi hiyo ni Snaptube na VidMate. Hazipatikani katika duka rasmi la Google, kwa hiyo husambaa kutoka simu hadi simu na kutoka kwenye tovuti za pembeni.

Mwaka 2019 kampuni ya Upstream, inayofuatilia ulaghai katika mitandao ya simu, ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa programu zote mbili. Kuhusu VidMate ilieleza kuwa iliona majaribio milioni 128 ya miamala ya kutiliwa shaka kutoka katika simu milioni 4.8 zilizo katika nchi 15. Kuhusu Snaptube, taarifa ya Oktoba mwaka huo ilitaja majaribio zaidi ya milioni 70 kutoka katika simu milioni 4.4, nyingi zikiwa katika nchi kama Misri, Brazil na Afrika Kusini.

Namna ulaghai huo unavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Programu hufungua matangazo kwa siri nyuma ya pazia na kuyabonyeza yenyewe, kana kwamba mwenye simu ndiye aliyebonyeza. Mtangazaji wa bidhaa hulipa kwa kila mbonyezo. Mwenye simu hulipa pia, kwa sababu kila tangazo linalofunguliwa limetumia bando lake. Mbaya zaidi, baadhi ya matangazo hayo ni ya huduma za kulipia kama michezo, nyota au miito ya simu, na programu humwandikisha mwenye simu kwenye huduma hiyo, naye akakatwa salio kila siku. Hapo ndipo vocha ya jioni inapopotelea.

Wamiliki wa Snaptube walieleza kuwa lawama ni za kipande cha programu cha kampuni ya nje kiitwacho Mango, ambacho walikiingiza bila kujua tabia yake, na kwamba wamekiondoa. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli, na ndiyo yanayotisha zaidi. Mtengenezaji wa programu ya bure huchukua kipande cha matangazo kutoka kwa mtu wa pili, ambaye naye amekichukua kwa mtu wa tatu, hadi mwisho hakuna anayejua ndani ya chungu kumepikwa nini.

Kisha kuna WhatsApp zisizo rasmi. Zipo nyingi na majina yake yanafanana: GB, FM, Yo na nyinginezo. Watu huzipenda kwa sababu huficha alama za kusoma ujumbe, huhifadhi hali za marafiki na kubadilisha rangi. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilitangaza kuwa toleo la 16.80.0 la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada, iliyoingia pamoja na kipande cha matangazo. Kwa vile FMWhatsApp huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi wa simu, mgeni huyo aliipata ruhusa hiyohiyo, akaweza kusoma hata namba za uthibitisho na kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila simu kulia.

Oktoba 2022 Kaspersky walirudi na habari nyingine. Toleo moja la YoWhatsApp lilikuwa likiiba funguo za akaunti ya mtumiaji, ambazo aliyezipata angeweza kuitumia akaunti hiyo kana kwamba ni yake. Na tangazo la kuwavuta watu waipakue lilionekana ndani ya Snaptube. Mtu alianza kwa kutaka video ya harusi akaishia kuwakabidhi wageni mazungumzo yake.

Yapo mazingira ambayo hata uangalifu wa mtumiaji hausaidii. Agosti 2020 Upstream, pamoja na chombo cha habari cha BuzzFeed News cha Marekani, walieleza kuwa simu za bei nafuu aina ya Tecno W2 zilikutwa zikiwa na Triada na nyingine iitwayo xHelper tangu kiwandani, yaani kabla mnunuzi hajafungua boksi. Upstream ilisema iliwahi kuzuia majaribio milioni 19.2 ya miamala ya kutiliwa shaka kutoka katika simu zaidi ya 200,000 tangu Machi 2019. Nchi zilizotajwa ni Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Kampuni ya Transsion, inayotengeneza Tecno, ilimlaumu mmoja wa wahusika katika mlolongo wake wa ugavi bila kumtaja, na kusema ilikwisha kutoa marekebisho. Sifa ya xHelper ni kwamba simu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, yenyewe hurudi.

Tanzania haimo katika orodha hiyo ya nchi. Lakini simu husafiri. Kijana aliyeko Dar es Salaam akinunua mpya, ile ya zamani humtumia mama yake Kiomboi au Itigi kwa basi, na kila kilichokuwa ndani kinasafiri nayo.

Tofauti na matangazo, ambayo hula bando, kuna aina nyingine ya programu za bure ambazo hula heshima. Hizi ni zile za mikopo ya mtandaoni. Mtu hupakua bure, huambiwa atapata fedha ndani ya dakika chache bila dhamana, na anapobonyeza kitufe kilekile cha kukubali huruhusu programu kuchukua orodha yote ya majina na namba zilizomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, hata kwa siku moja, ujumbe huanza kupelekwa kwa watu waliomo katika orodha hiyo: mwajiri, mchungaji, wakwe, wateja.

Tafakari maana yake kwa mfanyabiashara wa vitunguu wa Singida. Ghala lake linaweza kuwa tupu leo na likajaa kesho. Mtaji wake hasa ni zile namba: wakulima wa vijijini wanaompa mzigo kwa mali kauli, madereva wa malori, madalali wa Kariakoo na wanunuzi wanaovuka mpaka. Biashara hiyo huendeshwa kwa kuaminiana. Siku ambayo watu hao wote, kwa wakati mmoja, wanapokea ujumbe unaomwita mwizi kwa sababu ya deni ambalo pengine halifiki thamani ya gunia moja, kilichopotea hakirudishwi kwa kulipa deni hilo.

Na wale waliopokea ujumbe hawakukopa, hawakupakua wala hawakubonyeza chochote. Namba zao zilitolewa na mtu mwingine. Hili ndilo jambo ambalo masharti ya programu hayawezi kulihalalisha hata yakisomwa neno kwa neno, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kuridhia kwa niaba ya jirani yake.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa watoa mikopo ya kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikautangazia umma orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila leseni, ikiwaonya wananchi wasijihusishe nazo. Mwaka uliotangulia, kuanzia Mei 31, 2023, Google ilikuwa imekwisha kuzipiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lake kuchukua orodha ya majina na picha za mtumiaji. Marufuku hiyo haiwezi kumfikia aliyepewa programu kwa waya au kwa kiungo kilichotumwa kwenye WhatsApp.

Kwa jirani zetu wa Kenya hatua zilifika kwenye mfuko. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliipiga faini kampuni ya Mulla Pride, inayoendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ya Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Sheria hapa nchini ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa la jinai kuingia katika mfumo wa kompyuta au kuchukua taarifa zake bila haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoundwa chini yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hii ya pili inamtaka mkusanyaji wa taarifa aeleze anazikusanya kwa kusudi gani, na inampa mwenye taarifa haki ya kulalamika mbele ya Tume.

Ugumu uko mahali pengine. Watengenezaji wa programu hizi wako mbali, majina ya kampuni zao hubadilika, na kila wanapoulizwa hujibu kuwa mtumiaji aliridhia. Kwa mazingira yetu jibu hilo lina tundu kubwa. Kule kibandani Misuna aliyebonyeza "Kubali" si mwenye simu. Ni fundi, ambaye hakusoma, ana wateja watano wanaosubiri, na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Mwenye simu alikuwa akinywa chai ng'ambo ya barabara. Ni ridhaa ya nani hiyo?

Fundi naye asibebeshwe lawama yote. Kompyuta yake huenda ndiyo mgonjwa wa kwanza. Kompyuta nyingi katika vibanda na maduka ya stationari hutumia Windows isiyolipiwa, iliyofunguliwa kwa vijiprogramu vya bure vinavyopakuliwa mtandaoni. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ilieleza jinsi kifurushi bandia cha kimoja kati ya hivyo, KMSPico, kilivyokuwa kikibeba Cryptbot, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari. Katika maduka hayohayo ndimo vijana wanamofanyia maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ya ajira serikalini, wakiandika namba zao za kitambulisho cha taifa na maneno yao ya siri kwenye kompyuta isiyo yao. Mwandishi huyu anaona hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko mahali pengine popote mkoani humu, na ndipo panaposemwa kidogo zaidi.

Si kila cha bure ni mtego. VLC ya kuchezesha video, LibreOffice ya kuandikia barua na 7-Zip ya kufungua mafaili ni programu za bure zilizotumika kwa miaka mingi bila kuuza siri za mtu, mradi zichukuliwe kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Mwaka 2011 watengenezaji wa VLC nao walilalamikia tovuti zilizokuwa zikiifunga programu yao pamoja na matangazo. Kuhusu virusi, Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake ndani, hivyo hakuna haja ya kwenda kutafuta nyingine ya bure. Wakati wa kuweka programu kwenye kompyuta, chagua njia inayokuruhusu kuamua kila hatua, siyo ile ya haraka, na uondoe alama katika kila kisanduku kinachotaja kitu ambacho hukukifuata.

Kwa simu, pa kuanzia ni ukurasa wa matumizi ya data katika mipangilio, unaoonyesha kila programu imekula kiasi gani, hata pale ilipokuwa haijafunguliwa. Tochi iliyotumia megabaiti 300 kwa wiki ina kazi nyingine. Kisha tazama ukurasa wa ruhusa. Programu ya kupakua video haina sababu ya kusoma ujumbe mfupi wala ya kujua majina ya rafiki zako, na ruhusa hiyo inaweza kufutwa papo hapo bila kumwita fundi. Hakikisha pia simu haikuachwa ikiruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Mafundi hulifungua lango hilo ili wafanye kazi yao, na mara nyingi husahau kulifunga.

Anayekatwa salio kwa huduma asiyoijua ana haki ya kuitaka kampuni yake ya simu imwonyeshe orodha ya huduma alizoandikishwa na kuziondoa. Kwa kubonyeza *106# ataona pia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Aliyedhalilishwa na programu ya mkopo ambayo haina leseni ahifadhi picha za ujumbe ule kabla ya kuifuta programu, maana ikishafutwa, wakati mwingine ushahidi huenda nayo. Na ikiwa simu ni ya mama aliyeko kijijini, kazi hiyo yote inahitaji mtu wa kuketi naye nusu saa, siku ambayo mtoto amekwenda likizo.

Kule Misuna, mteja anayeondoka kibandani anaweza kumuuliza fundi jambo moja kabla ya kulipa: ni programu zipi alizoziweka, na zilitoka wapi. Fundi asiyeweza kujibu ana uwezo wa kuzifuta hapohapo, simu ikiwa bado kwenye waya.